Keki ya matunda yenye unyevu bila sukari ya kupindukia: Siri iko kwenye nanasi

JE, umewahi kuoka keki ya matunda Jumamosi, ikapendeza macho na kunukia nyumba nzima, kisha kufikia Jumatatu ikawa inamomonyoka kama udongo wa kiangazi? Ikiwa jibu lako ni ndiyo, basi huenda jirani au rafiki alikushauri uongeze mafuta na sukari. Ushauri huo si wa uongo. Keki iliyojaa sukari na mafuta hubaki laini kwa siku nyingi. Lakini anayelipia ulaini huo ni wewe na wale unaowapikia, na malipo yenyewe hayaonekani siku ile keki inapokatwa.

Ipo njia nyingine, nayo haihitaji vifaa vya ghali wala ujuzi wa hotelini. Nanasi bivu la sokoni, likitayarishwa ipasavyo, laweza kufanya sehemu kubwa ya kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na sukari na siagi. Neno la kuzingatia hapo ni "likitayarishwa ipasavyo". Wengi wamejaribu nanasi katika keki wakaambulia kitu kilicholowa chini kama uji na kukauka juu, wakaapa hawatarudia tena.

Hebu kwanza tuelewe kwa nini keki hukauka.

Ndani ya keki maji huzuiliwa na vitu vichache. Sukari huyavuta maji na kuyashikilia. Mafuta hayashiki maji, lakini huifunika chembe ya unga ili ule mnato wa ngano usikaze, na hivyo ulimi huhisi ulaini. Sasa fikiria keki ya matunda. Ndani yake kuna zabibu kavu, pengine na tende, vitu vilivyokaushwa makusudi hadi vikabaki na maji kidogo mno. Ukizitia zabibu hizo katika mchanganyiko zikiwa kavu vilevile, zitaanza kujitafutia maji, na maji ya karibu ni yale ya keki yako. Siku ya kwanza hutaona tofauti. Siku ya pili zabibu zimenona na keki imekauka. Mpishi hulaumu oveni, au unga, ilhali mwizi wa maji yuko ndani ya keki yenyewe.

Wakazi wa Nairobi, Nakuru na Eldoret wana tatizo la ziada ambalo wenzao wa Mombasa hawalijui. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Eldoret karibu mita 2,100. Kadiri unavyopanda juu ndivyo uzito wa hewa unavyopungua, na maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100. Jijini Nairobi huchemka yakiwa na joto la karibu nyuzi 94. Matokeo yake ni mawili. Maji yaliyomo ndani ya keki hutoroka upesi yakawa mvuke, na zile hewa zinazoiumua keki hutanuka zaidi, hata keki ikapanda haraka kabla haijapata nguvu ya kujishikilia, kisha ikadidimia katikati. Vitabu vingi vya upishi vinavyouzwa madukani viliandikwa na watu wa miji iliyo karibu na usawa wa bahari. Mama wa Kasarani anayefuata vipimo vyake neno kwa neno, keki ikamdidimia, hana kosa lolote.

Dawa inayotolewa kwa wapishi wa nyanda za juu ni kupunguza bekingi pauda, kupunguza sukari, na kuongeza maji kidogo. Utaona mara moja kwamba ushauri huo unaelekea kule kule anakotaka daktari.

Lazima lichemshwe

Karibu asilimia 86 ya nyama ya nanasi ni maji, lakini si maji ya kumwagika ovyo kama ya bomba. Mengi yako ndani ya nyuzinyuzi za tunda, na nyuzi hizo hubaki na unyevu hata baada ya kuokwa. Isitoshe, nanasi lina utamu wake na uchachu wake. Gramu 100 za nanasi bivu zina sukari ya asili kama gramu 10 hivi. Uchachu nao husaidia kuufanya utamu mdogo usikike vizuri, ndiyo maana keki ya nanasi haiombi sukari nyingi ili ipendeze.

Hata hivyo, nanasi bichi, yaani lisilopitia moto, lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini. Hiki ndicho kinachokuwasha ulimi na pembe za mdomo ukila nanasi jingi. Kazi yake ni kuzivunjavunja protini, na ndiyo sababu wapishi wa nyama hupaka maji ya nanasi juu ya nyama ngumu ili ilainike. Mayai ni protini. Ule mnato wa unga wa ngano unaoishikilia keki ikae wima pia ni protini. Ukikoroga nanasi bichi na mayai na unga, kisha ukaenda kufungua mlango na kuzungumza na mgeni kwa nusu saa, utakuta mchanganyiko umelegea. Moto wa oveni hatimaye hukiua kimeng'enya hicho, lakini wakati huo madhara yamekwisha kutendeka. Na kama ulitumia maziwa, huenda ukaonja uchungu.

Watu wengi hawajui jambo hili kwa sababu vipimo walivyovizoea ni vya nanasi la kopo. Nanasi la kopo lilipitishwa kwenye moto kiwandani, kwa hiyo bromelaini yake haina nguvu tena. Anayebadilisha nanasi la kopo kwa la sokoni hana budi kufanya nyumbani kazi iliyofanywa na kiwanda. Ni kazi ya dakika kumi tu jikoni. Faida ni kwamba ameepuka ile sharubati nzito ya sukari ambamo mananasi mengi ya kopo hutiwa.

Basi hapa ndipo mambo yote mawili yanapokutana. Chemsha nanasi pamoja na zabibu kavu na tende. Nanasi linapoteza ukali wake, na wakati huo huo zabibu zinakunywa maji ya nanasi mpaka zinatosheka. Zikiingia kwenye unga zimeshiba tayari, haziibi tena.

Kuhusu kulichagua nanasi, usidanganywe na rangi ya ganda peke yake. Liinue. Nanasi zuri ni zito kuliko unavyolitazamia kwa ukubwa wake. Linuse upande wa chini, kwenye kikonyo, si juu kwenye majani. Harufu tamu ni dalili njema. Harufu ya pombe ni ya tunda lililoanza kuchacha. Na yafaa ifahamike kwamba nanasi likishavunwa haliongezi utamu. Litabadilika rangi na kulainika ukiliweka juu ya kabati, lakini sukari iliyomo ni ile ile liliyotoka nayo shambani. Anayekuambia, "Liweke siku tatu litakuwa tamu," anataka tu uondoke nalo.

Aina ya Smooth Cayenne, ambayo kwa miaka mingi ilitawala mashamba ya Thika, ina maji mengi na uchachu wa kutosha, nayo hufaa sana kwa keki. Lioshe nanasi likiwa zima kabla ya kulimenya, kwani kisu hubeba uchafu wa ganda na kuuingiza ndani. Yale mananasi yaliyokatwa tayari na kuuzwa kando ya barabara ni afadhali kuyaacha, maana hujui yamekaa juani muda gani wala yameoshwa kwa maji gani.

Vipimo na utaratibu

Kwa keki moja ya upana wa sentimita 20, inayotoa vipande 16, utahitaji gramu 450 za nyama ya nanasi iliyokatwakatwa ndogo ndogo pamoja na maji yake. Hii ni sehemu kubwa ya nanasi la wastani. Andaa pia gramu 200 za zabibu kavu, gramu 100 za tende zilizotolewa kokwa na kukatwa, gramu 100 za sukari, mililita 100 za mafuta ya maji ya kupikia, gramu 280 za unga wa ngano, mayai mawili, bekingi pauda kijiko kimoja cha chai na nusu, bikaboneti nusu kijiko cha chai, na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Viungo ni mdalasini kijiko kimoja cha chai, kungumanga iliyoparuzwa kidogo, na tangawizi ukipenda. Ganda la chungwa lililoparuzwa laleta harufu ambayo hakuna chupa ya dukani inayoweza kuishinda.

Ukiwa Mombasa, Malindi au Kisumu hali ni tofauti kidogo. Wa Pwani waongeze bekingi pauda ifikie vijiko viwili. Wa Kisumu, ambako ni karibu mita 1,100, waweza kubaki na kijiko kimoja na robo tatu.

Bikaboneti ninayoizungumzia ni ile nyeupe laini ya paketi. Usitumie magadi ya kuchemshia maharagwe na githeri. Kazi yake hapa ni kukutana na uchachu wa nanasi na kutoa hewa. Usizidishe, maana ikizidi uchachu huacha ladha ya sabuni. Na kama unga wako ni ule unaojiumua wenyewe, usitie bekingi pauda tena.

Tia nanasi, zabibu, tende, sukari, mafuta na viungo ndani ya sufuria. Sufuria ya enameli au ya chuma kisichoshika kutu ni bora, kwa kuwa uchachu wa nanasi huila alumini na kubeba ladha yake. Kama unayo ya alumini tu, pikia humo lakini usiyaache matunda yalale ndani. Yachemke, kisha punguza moto na uache yatokote polepole kwa dakika kumi, kifuniko kikiwa wazi kidogo. Zabibu zitavimba na maji yatakuwa mazito kiasi. Epua, mimina kwenye bakuli, na usubiri yapoe kabisa.

Kusubiri huku ndiko kunakowashinda watu. Ukivunja mayai juu ya matunda yenye moto utapata mayai ya kukaanga ndani ya keki. Hesabu saa moja, au tayarisha matunda usiku na uyaweke kwenye friji hadi asubuhi.

Yakishapoa, vunja kila yai kwenye kikombe pembeni kwanza, ulikague, kisha uyapige na kuyachanganya na matunda. Chekecha unga pamoja na bekingi pauda, bikaboneti na chumvi, na uumimine juu. Koroga kwa mwiko hadi unga usionekane tena, na uishie hapo. Anayeendelea kukoroga anautengeneza ule mnato wa chapati, na keki itakuwa ngumu. Mchanganyiko unatakiwa kuwa mzito wa kudondoka kwenye mwiko, si wa kumiminika. Ukiwa mzito mno, hasa huku nyanda za juu, ongeza maji ya chungwa vijiko viwili au vitatu vya mezani. Watoto wasirambe mwiko. Mayai mabichi yaweza kuwa na vijidudu vya salmonela, na unga mbichi nao si salama, ingawa watu huusahau.

Paka mafuta mkebe wa kuokea, tandika karatasi chini na pembeni, mimina, na uoke kwa nyuzi 160 kwa muda wa saa moja na robo hivi. Usifungue oveni katika dakika 40 za kwanza. Choma katikati kwa kijiti. Kikitoka na chembe nyevu chache, keki iko tayari. Ukingoja kijiti kitoke kikavu kabisa umeshapitiliza, na taabu yote ya nanasi imepotea. Ikiwa juu inaungua kabla ya ndani kuiva, ifunike kwa karatasi.

Zile cheri nyekundu za kopo sikuzitaja kwa makusudi. Ni sukari na rangi. Anayetaka rangi atie karoti iliyoparuzwa, nayo huongeza unyevu.

Kama huna oveni

Wenyeji wa Pwani walioka mkate wa sinia kabla oveni haijaonekana majumbani. Walitumia moto wa juu na wa chini, na njia hiyo inafaa kwa keki hii. Chukua sufuria kubwa nzito, tandaza mchanga safi mkavu wa kina cha vidole viwili chini yake, uweke juu ya jiko na uufunike upate joto kwa dakika 15. Weka mkebe wa keki juu ya mchanga. Funika kwa kifuniko bapa cha bati na upalie makaa juu yake. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, la sivyo keki itaungua kitako. Chungulia baada ya dakika 50.

Sasa sikiliza kwa makini. Kazi hii huchukua zaidi ya saa moja, na makaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi muda wote huo. Hewa hii haina rangi wala harufu. Ukiivuta hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, na damu hushindwa kubeba oksijeni ya kutosha. Mtu huanza kuumwa kichwa, akahisi kizunguzungu na kichefuchefu, akadhani ni uchovu, akajilaza kidogo. Wengine hawaamki. Katika nyumba ya chumba kimoja, mlango umefungwa kwa sababu ya baridi ya Julai au mvua ya Novemba, jiko la kuokea keki ya mtoto laweza kuua familia nzima. Kupika dirisha likiwa wazi ni afadhali kuliko likiwa limefungwa, lakini hakutoshi kwa moto wa saa moja na zaidi. Okea nje, barazani au uani. Ukimaliza, zima makaa kabisa kabla ya kurudisha jiko ndani. Makaa yanayoonekana kama majivu bado hutoa hewa hiyo. Mtu akilalamika kichwa karibu na jiko, mtoe nje kwenye hewa safi mara moja na umpeleke hospitali hata kama anasema amepata nafuu.

Je, mgonjwa wa kisukari aile?

Hili ndilo swali linalozua ubishi katika familia, hasa wakati wa Krismasi. Mzee mwenye kisukari anawekewa kipande kikubwa na kuambiwa, "Kula baba, hii ni ya matunda tu." Anayesema hivyo ana nia njema, lakini tupige hesabu.

Keki ya matunda ya kizamani ya ukubwa huu huchukua kama gramu 225 za sukari na siagi kiasi hicho hicho. Yetu ina gramu 100 za sukari. Ukiigawa katika vipande 16, kila kipande kina gramu 6 za sukari iliyoongezwa, sawa na kijiko cha chai kimoja na nusu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, lilipendekeza sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata katika chakula, na likasema ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama vijiko sita vya chai kwa siku nzima. Kwa hiyo mtu mwenye afya anaweza kula kipande bila wasiwasi, mradi asikisindikize kwa chai ya vijiko vitatu. Keki hii ni tamu ya kutosha. Chai yake na iwe bila sukari.

Kwa mgonjwa wa kisukari mambo ni mengine, kwa sababu damu yake haitofautishi sukari ya mfuko na ya tende. Zabibu kavu na tende ni zaidi ya nusu sukari. Ongeza wanga wa unga na sukari ya nanasi, na kila kipande kinafikia kati ya gramu 35 na 40 za wanga. Hiyo ni zaidi ya slesi mbili za mkate. Hiki si chakula cha kumwagia mgonjwa sahanini kwa sababu tu kina jina la matunda. Lakini pia si sumu. Anaweza kula nusu kipande badala ya mkate wake wa siku hiyo, si juu ya mkate, na akapima sukari saa mbili baadaye aone mwili wake unavyosema. Wanaotumia insulini wazungumze na daktari wao jinsi ya kuhesabu.

Na tafadhali usibadilishe sukari kwa asali, sukari guru au ile ya kahawia ukidhani umemwokoa. Kwa mwenye kisukari zote ni sukari. Asali ina hatari nyingine: mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe, hata ikiwa ndani ya keki, kwani mbegu za bakteria wa botulizimu hustahimili joto la kuokea.

Ukipenda kupunguza kasi ya sukari kuingia katika damu, badilisha nusu ya unga mweupe kwa atta. Utahitaji maji ya chungwa zaidi kidogo, na keki itakuwa nzito kiasi, lakini watu waliozoea chapati za atta huipenda. Mgonjwa wa figo naye ajihadhari kwa sababu tofauti: zabibu na tende zina potasiamu nyingi, ambayo figo dhaifu hushindwa kuitoa. Aulize kwanza.

Kuhusu mafuta, nimechagua ya maji kwa sababu. Siagi ya ng'ombe ina mafuta mengi yanayochangia kolesteroli mbaya. Mafuta magumu ya mboga yaliyogandishwa kiwandani yaweza kuwa mabaya zaidi ikiwa yana mafuta ya transi, ambayo Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 lilizitaka nchi zote ziyaondoe katika vyakula ifikapo 2023. Soma kibandiko. Ukiona maneno yanayosema mafuta yamegandishwa kwa haidrojeni kwa kiasi fulani tu, yarudishe rafuni.

Usitegemee keki hii kwa vitamini C. Nanasi lisilopikwa lina karibu miligramu 48 katika kila gramu 100, lakini moto wa sufuria na wa oveni huipoteza sehemu kubwa. Kile kipande cha nanasi kitakachobaki baada ya kupima zile gramu 450 wape watoto wale kikiwa bichi wakati wanangojea.

Kuhifadhi

Sukari nyingi ya keki za kizamani ilikuwa na kazi ya pili. Iliyashikilia maji kiasi kwamba ukungu haukuyapata, na pombe iliyonyunyiziwa juu ikamalizia. Ndiyo maana keki za harusi zilikaa miezi. Yetu ina maji mengi na sukari kidogo, kwa hiyo haikai hivyo. Iache ndani ya mkebe wake kwa dakika 20, itoe, na uiache ipoe kabisa kabla ya kuifunga. Ukiifunga ikiwa na joto, mvuke utageuka matone juu yake na ukungu utapata makao.

Jijini Nairobi hukaa siku mbili au tatu katika kopo lenye kifuniko. Mombasa ni siku moja, ya pili iingie kwenye friji, ambako hukaa karibu wiki. Ukiikata vipande na kuvifunga kimoja kimoja, kwenye friza huenda miezi mitatu bila kuharibika, na kipande huyeyuka katika mkoba wa mtoto kabla ya mapumziko ya saa nne.

Ukiona ukungu, hata doa moja dogo la kijani kando, usikwangue na kula kilichobaki. Katika chakula chenye unyevu nyuzi za ukungu hupenya mbali kuliko jicho linavyoona, na aina fulani huacha sumu. Wakenya tunakumbuka mwaka 2004, wakati sumu ya aflatoksini katika mahindi yaliyoota ukungu ilipougua watu 317 katika maeneo ya Makueni, Kitui na kwingineko, na 125 kati yao wakafa. Hayo yalikuwa mahindi, si keki, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Ukitia njugu karanga katika keki yako, zichambue kwanza moja moja: iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye uchungu iende kwenye taka.

Kwa watoto wadogo waweza kuumimina mchanganyiko huo huo katika vikombe vya karatasi badala ya mkebe mmoja. Hutoka vikombe kama 18, navyo huiva kwa nyuzi 180 kwa dakika 25 hivi. Katakata zabibu na tende ndogo kabisa kabla ya kuzichemsha ili zisimkwame mtoto kooni, na karanga uziache kabisa.